Mbegu Inayolika: Hesabu ya Ufanisi wa Wakulima Wadogo wa Viazi Vikuu Nigeria

Miongoni mwa mazao ya chakula ya nchi za joto, ni machache yanayomlazimisha mkulima kuchagua kati ya chungu cha leo na shamba la mwakani kwa ukali kama ule wa kiazi kikuu. Muhogo huoteshwa kwa pingili za shina ambazo hakuna anayezila, kiazi kitamu huoteshwa kwa marando yanayokatwa bila kugusa kiazi kilichomo ardhini, na mahindi huhitaji kilo 20 hadi 25 tu za mbegu kwa hekta nzima. Lakini kiazi kikuu hupandwa kwa kiazi chenyewe, kikiwa kizima kama ni kidogo na kwa vipande kama ni kikubwa, kiasi kwamba kila kinachofukiwa tutani kingeweza kuliwa au kuuzwa siku hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo, swali ambalo wanauchumi wa kilimo huliita ufanisi wa matumizi ya rasilimali, yaani kama mkulima anapata mavuno yanayostahili ardhi, nguvukazi, mbegu na fedha alizotia shambani, lina uzito wa pekee katika zao hili, na jibu lake haliwezi kueleweka bila kuanzia kwenye mbegu.

Jina la zao lenyewe linahitaji ufafanuzi, maana Afrika Mashariki mazao ya mizizi huchanganywa majina mara kwa mara. Kiazi kikuu si gimbi, ambalo Wakenya wengi huliita nduma, wala si kiazi kitamu. Ni mmea utambaao wa jenasi ya Dioscorea, yenye spishi zipatazo 600, ambao Waganda huuita balugu na Wakikuyu huuita gĩkwa. Spishi inayofahamika zaidi Unguja, Pemba na katika pwani ya Tanzania na Kenya ni Dioscorea alata, ambayo asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, ilhali ile inayotawala mashamba na vinywa vya watu wa Afrika Magharibi ni Dioscorea rotundata, kiazi kikuu cheupe, ambacho wenyeji wa huko ndio waliokitoa mwituni na kukifanya zao la shamba.

Ukanda wa viazi vikuu, kama wataalamu wanavyouita, huanzia Ivory Coast, ukapita Ghana, Togo na Benin, ukaishia Nigeria na kugusa Kamerun, na humo hutoka zaidi ya asilimia 90 ya viazi vikuu vyote vinavyovunwa duniani. Nigeria peke yake huchangia takriban theluthi mbili: takwimu za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, ziliweka mavuno yake ya mwaka 2020 karibu na tani milioni 50, kati ya tani zipatazo milioni 75 za dunia nzima. Jimbo la Benue, linalojitambulisha kuwa kapu la chakula la taifa, limo katika kitovu cha uzalishaji huo, na mji wa Zaki Biam katika eneo la Ukum, nchi ya Wativ, una soko la viazi vikuu linalohesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa katika kanda nzima, ambako malori hupakia mzigo wa kwenda Lagos, Port Harcourt na miji ya kaskazini. Mzigo wote huo, karibu bila kubakiza, hutoka katika mashamba ya wakulima wadogo wanaotegemea jembe la mkono, wanaolima hekta chache au pungufu ya hapo, na ambao hawana trekta, mizani wala daftari la mahesabu.

Ukubwa wa mavuno ya taifa, hata hivyo, hauendi sambamba na ukubwa wa mavuno ya hekta. Wastani wa Nigeria katika takwimu hizo hizo ni takriban tani 8 kwa hekta, ambapo mashamba ya utafiti hupata mara mbili au tatu ya kiasi hicho, na ongezeko la uzalishaji katika miongo iliyopita limetokana zaidi na kupanuliwa kwa ardhi inayolimwa kuliko kupanda kwa tija. Pengo hili ndilo lililowavuta watafiti wa vyuo vikuu vya Nigeria kuandika kwa wingi kuhusu ufanisi wa wakulima wa viazi vikuu, wilaya baada ya wilaya, kiasi kwamba tafiti za namna hii zimekuwa karibu fani inayojitegemea, yenye kanuni zake, msamiati wake na, ni lazima isemwe, mazoea yake.

Msingi wa fani hiyo uliwekwa mwaka 1957 na mwanauchumi Mwingereza M. J. Farrell, ambaye aligawa ufanisi katika sehemu mbili. Ufanisi wa kiufundi ni uwezo wa kupata mavuno makubwa kadiri inavyowezekana kutokana na pembejeo zilizopo: wakulima wawili wakiwa na ardhi sawa, mbegu sawa na siku za kazi sawa, anayevuna pungufu ana upungufu wa kiufundi. Ufanisi wa mgawanyo, ambao wengine huuita ufanisi wa bei, ni uwezo wa kuchanganya pembejeo kwa uwiano unaokubaliana na bei zake, ili fedha isimwagwe kwenye kile kinachozaa kidogo huku kinachozaa sana kikinyimwa. Sehemu hizo mbili zikizidishwa, hupatikana ufanisi wa kiuchumi, kwa hiyo mkulima mwenye alama 0.8 katika ya kwanza na 0.7 katika ya pili atakuwa na 0.56 kwa ujumla. Inafaa kukumbukwa kwamba Farrell alikijaribu kipimo chake kwa takwimu za kilimo cha Marekani, si kwa shamba la mkulima mdogo wa Afrika ambaye jikoni na shambani kwake ni mfuko mmoja.

Miaka saba baadaye, mwaka 1964, Theodore Schultz alichapisha kitabu chake kuhusu kuleta mageuzi katika kilimo cha jadi, akajenga hoja kwamba wakulima maskini hutumia kile kidogo walicho nacho kwa ufanisi mkubwa, na kwamba umaskini wao hautokani na kupanga vibaya bali na uduni wa zana, mbegu na maarifa yaliyo mikononi mwao. Ushahidi wake aliutoa Panajachel nchini Guatemala na Senapur nchini India, na hoja hiyo ilikuwa sehemu ya kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1979. Mwaka 1977 makundi mawili ya watafiti, Aigner, Lovell na Schmidt kwa upande mmoja na Meeusen na van den Broeck kwa upande mwingine, yalitoa kwa nyakati zinazokaribiana njia ya kukadiria mpaka wa uzalishaji, yaani mstari wa mavuno ya juu kabisa yanayowezekana, huku yakitenganisha upungufu unaomhusu mkulima na ule unaoletwa na mvua, wadudu au makosa ya kupima. Battese na Coelli wakaongeza mwaka 1995 utaratibu wa kueleza upungufu huo kwa sifa za mkulima mwenyewe, kama vile umri, elimu, mkopo na kutembelewa na bwana shamba. Karibu tafiti zote za viazi vikuu vya Nigeria zimejengwa juu ya mawe haya matatu au juu ya kanuni nyepesi zaidi ya uwiano.

Kanuni hiyo nyepesi hulinganisha thamani ya mavuno yanayoongezeka kwa kuongeza kipimo kimoja cha pembejeo na gharama ya kipimo hicho. Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, kwamba kilo moja zaidi ya mbegu inagharimu naira 400 na inaongeza mavuno ya naira 600. Uwiano ni 1.5, na kwa kuwa unazidi 1, mbegu inahesabiwa kuwa inatumika pungufu, kwa maana kwamba mkulima angepata faida zaidi kama angeiongeza. Ikiwa siku moja zaidi ya kibarua inagharimu naira 3,000 na inaleta mavuno ya naira 1,500 tu, uwiano ni 0.5, na nguvukazi inahesabiwa kuwa imezidi. Mkulima anayefikia 1 katika kila pembejeo ndiye aliyefikia ufanisi kamili, na mkulima wa namna hiyo haonekani katika tafiti hizi, kama ambavyo hangeonekana katika duka, kiwanda au ofisi yoyote ambayo ingepimwa kwa kipimo hicho hicho.

Matokeo ya tafiti hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo, lakini sura inayojirudia ni kwamba mbegu, mbolea na mara nyingi ardhi huonekana kutumika pungufu, na nguvukazi huonekana kutumika kupita kiasi, kisha mapendekezo hufuata kwa mpangilio uliozoeleka: wakulima waelimishwe, waongeze mbegu na mbolea, wapunguze kazi. Kasoro ya usomaji huu ni kwamba unamchukulia mkulima kuwa ndiye chanzo cha upungufu aliokutwa nao. Hesabu zinaweza kuwa sahihi kabisa na hukumu ikawa mbovu, kwa sababu takwimu inayosema kwamba mbegu haitoshi haisemi kwa nini haitoshi, na katika zao hili sababu hiyo si siri.

Utaratibu wa kawaida wa kupanda ni tuta moja kwa kila mita ya mraba, hivyo hekta moja hubeba matuta 10,000. Kama kila tuta litapewa kipande cha gramu 250, ambacho ni kipimo cha katikati kwa wakulima wengi, hekta itameza tani 2.5 za viazi kabla jani la kwanza halijaonekana, nayo hekta ya wastani, kama ilivyotajwa, itarudisha takriban tani 8. Hii ndiyo maana ya makadirio yanayotajwa mara nyingi kwamba karibu theluthi moja ya mavuno ya mwaka huwekwa kando kwa ajili ya msimu unaofuata, na kwamba mbegu peke yake huweza kufikia nusu ya gharama zote za uzalishaji, sehemu kubwa ya nusu iliyobaki ikiwa ni ujira wa watu. Punje moja ya mahindi huzaa mamia ya punje. Kilo moja ya mbegu ya kiazi kikuu shambani kwa mkulima haizai hata kilo kumi. Mkulima anayeambiwa aongeze mbegu anaambiwa, kwa lugha ya takwimu, apunguze chakula cha nyumbani au akope katika miezi ya kupanda ambayo ndiyo miezi ya bei kubwa.

Wasomaji wa Kiswahili wamekwisha kukutana na tatizo hili katika fasihi, pengine bila kulitazama kama somo la uchumi. Katika riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Shujaa Okonkwo, kijana asiyerithi ghala kutoka kwa baba yake humwendea tajiri Nwakibie na chungu cha mvinyo na jogoo, akapata mbegu 800 kwa masharti ya kugawana mavuno, ambapo mlimaji hubaki na theluthi moja tu. Msimu huo unaharibiwa na ukame kisha na mafuriko. Achebe hakuwa akiandika risala ya kilimo, lakini katika kurasa chache alionyesha mambo mawili ambayo hojaji za watafiti hukosa kuyanasa: kwamba mbegu ni mtaji unaorithiwa au kukodishwa kwa riba nzito, na kwamba anayeweka mtaji wote ardhini hujiweka mikononi mwa mvua. Mkulima anayepanda pungufu ya kile ambacho kanuni inamtaka apande huenda anafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye busara na asiye na bima angefanya.

Kuna jambo la pili kuhusu mbegu, nalo ni afya yake. Kwa kuwa viazi huzalishwa kwa viazi, kila ugonjwa ulioingia mwaka huu hupandwa tena mwakani: virusi vya batobato ya viazi vikuu, minyoo fundo, na hasa mnyoo mdogo Scutellonema bradys anayesababisha uozo mkavu chini ya ganda, husafiri ndani ya mbegu bila tiketi. Mazoea ya kawaida huongeza tatizo, kwa kuwa viazi vikubwa na vizuri huenda sokoni au kwenye meza ya wageni, na vile vidogo, ambavyo baadhi yake vilidumaa kwa sababu ya maradhi, ndivyo hubaki kuwa mbegu. Mtafiti anapoandika kilo za mbegu katika safu moja ya jedwali lake, kilo yenye afya na kilo yenye minyoo huhesabiwa sawa, na tofauti ya mavuno inayotokana na hiyo huangukia kwenye safu ya uzembe wa mkulima.

Wakulima wenyewe hawakukaa bila kutafuta ufumbuzi. Njia ya kale kuliko zote, inayotumika sehemu nyingi za ukanda huu, ni kuvuna mara mbili: katikati ya msimu tuta hufukuliwa kwa uangalifu, kiazi hukatwa chini ya kichwa chake na kuondolewa, kisha mizizi na kichwa hufunikwa tena kwa udongo ili mmea utoe viazi vidogo ambavyo vitakuwa mbegu safi ya mwaka ujao. Ni ufundi unaohitaji mkono uliozoea na aina ya kiazi inayowahi kukomaa, nao hutoa chakula cha mapema wakati bei ikiwa juu, pamoja na mbegu ambayo haikuibwa kutoka chunguni. Mtu angetafuta mfano wa matumizi bora ya rasilimali katika kilimo cha Afrika, asingehitaji kwenda mbali zaidi ya hapa.

Taasisi za utafiti zilikuja na njia nyingine. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Mazao ya Mizizi iliyopo Umudike, katika Jimbo la Abia, ikishirikiana na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Joto, IITA, iliyoanzishwa Ibadan mwaka 1967, ilisambaza tangu miaka ya 1980 mbinu ya vipande vidogo, ambapo kiazi hukatwa vipande vya takriban gramu 25, kila kimoja kikiwa na sehemu ya ganda, vikatiwa dawa na kupandwa kwa nafasi ya sentimita 25 katika matuta marefu yaliyoachana mita moja. Hesabu yake inavutia: hekta hupata mimea 40,000 kwa tani moja tu ya mbegu badala ya mimea 10,000 kwa tani 2.5. Hata hivyo wengi waliofundishwa hawakuendelea nayo, na sababu zao ni za kihesabu kuliko za ukaidi. Vipande vidogo hunyauka haraka mvua ikichelewa, dawa zake hazipatikani madukani vijijini, viazi vinavyopatikana ni vidogo na si vya kuuza bali vya kupanda tena, kwa hiyo faida husubiri mwaka wa pili, na mwaka wa pili ni mbali kwa mwenye madeni. Baadaye mbinu ilirekebishwa, vipande vikaongezwa hadi kati ya gramu 80 na 100, na mradi uliofadhiliwa na wakfu wa Bill na Melinda Gates na kuongozwa na IITA katika Nigeria na Ghana ulikwenda mbele zaidi, ukazalisha miche kwa kukata mashina yenye kifundo kimoja, kwa kuotesha mizizi ikining'inia hewani na kunyunyiziwa maji yenye virutubisho, na kwa vyombo vya maabara vinavyozamisha vichipukizi kwa muda mfupi. Ubora mkuu wa njia hizi ni kwamba, kwa mara ya kwanza, mbegu ya kiazi kikuu inatengwa na kiazi kinacholiwa, jambo ambalo muhogo ulijaliwa tangu mwanzo.

Upande wa nguvukazi nao unahitaji kusomwa upya. Kufyeka, kupiga matuta 10,000 kwa jembe la mkono, kupanda, kufunika vichwa vya matuta kwa nyasi ili jua la kiangazi lisiunguze mbegu, kusimika miti, kuelekeza mashina, kupalilia mara mbili au tatu, kuchimba bila kujeruhi kiazi na kubeba hadi ghalani ni kazi zinazofuatana tangu mwisho wa kiangazi hadi mavuno ya miezi saba hadi tisa baadaye, na zaidi ya hapo kwa baadhi ya aina. Tafiti zinaposema kwamba nguvukazi imezidi, kwa kawaida zimeipa siku ya kazi ya mke, mtoto au ndugu bei ile ile ya kibarua wa kulipwa, ilhali kijijini, nje ya majuma machache ya kilele, hakuna anayesubiri kumwajiri ndugu huyo kwa bei hiyo. Kazi ambayo haina mnunuzi mwingine ni nafuu kuliko jedwali linavyodai, na familia inayoitumia kwa wingi haijakosea. Wakati huo huo, katika majuma yale ya kupiga matuta, vibarua huwa adimu na ujira hupanda, hivyo pembejeo moja yaweza kuwa imezidi kwa hesabu ya mwaka na pungufu kwa hesabu ya mwezi, jambo ambalo wastani wa mwaka hulificha.

Kuhusu miti ya kutambalia, suala ni fupi lakini zito. Kiazi kikuu cheupe hufanya vizuri kikipanda juu ya mti wenye urefu wa mita mbili au zaidi, na katika maeneo ya misitu ya kusini miti hiyo hukatwa kila mwaka, ikiongeza gharama kwa mkulima na jeraha kwa msitu. Katika savana ya kaskazini wengi hutumia mabua ya mtama ya msimu uliopita au huacha mashina yatambae chini. Wakikuyu na Wameru wa Kenya, ambao zao hili kwao ni la heshima ingawa ni dogo kwa eneo, walilitatua jambo hilo kwa kupanda gĩkwa chini ya mti hai wa mũkũngũgũ, ambao haukatwi wala haununuliwi upya. Suluhisho hilo halihamishiki moja kwa moja kwenye matuta 10,000 ya Benue, lakini linaonyesha kwamba mti wa kutambalia unaweza kuwa mtaji wa kudumu na si gharama ya kila mwaka.

Ardhi na mbolea huenda pamoja. Kwa desturi kiazi kikuu ndicho zao la kwanza kupandwa katika shamba lililopumzishwa miaka mingi, kwa kuwa kinahitaji udongo wenye rutuba kuliko mihogo inayofuata baada yake. Idadi ya watu ilipoongezeka, miaka ya kupumzisha ilipungua, na kilichokuwa kikitolewa bure na kichaka sasa hakina budi kutolewa na mfuko wa mbolea. Wakulima wengi husita, wakiamini kwamba mbolea ya viwandani huharibu ladha na kufanya viazi vioze mapema ghalani, na watafiti huandika kusita huko kama upungufu wa elimu. Ukweli ni kwamba majaribio ya mbolea katika zao hili yametoa majibu yasiyolingana kutoka udongo mmoja hadi mwingine, na mkulima anayekataa kununua kitu ambacho matokeo yake hayatabiriki, kwa zao analotaka kulihifadhi miezi mitano, hajajitenga sana na wataalamu wake.

Uhifadhi wenyewe haumo katika kanuni nyingi za ufanisi, ambazo hufunga hesabu siku ya kuvuna, na hilo ni pengo kubwa kuliko yote. Waigbo huita ghala la viazi vikuu ọba: uzio wa nguzo wima zilizo chini ya kivuli, ambamo viazi hufungwa kimoja kimoja kwa kamba ili hewa ipite kati yake. Humo viazi hulala hadi vinapoanza kuchipua, na kabla ya mavuno mapya, ambayo huanza kuadhimishwa mwezi Agosti kwa sikukuu ya Iri ji, sehemu ya akiba huwa imeoza, imeliwa na panya au imepungua uzito, hasara ambayo kwa miezi kadhaa yaweza kuwa ndogo kama sehemu ya kumi au kubwa kama nusu. Tofauti ya bei kati ya Desemba, soko linapofurika, na Juni, viazi vinapoadimika, huweza kumpa mwenye ghala zuri faida kuliko mfuko wowote wa mbolea. Kinachoitwa ufanisi shambani kinaweza kufutwa chote ghalani, na kinachoitwa uzembe shambani kinaweza kufidiwa humo.

Ugumu wa kupima nao usipuuzwe. Viazi vikuu huuzwa kwa idadi na ukubwa, si kwa mizani, na mkulima anayeulizwa mwezi Februari alivuna kilo ngapi hutoa kadirio ambalo mtafiti huliandika kama kipimo. Matuta mengi yana mahindi, bamia au egusi, ule mmea jamii ya tikiti unaolimwa kwa ajili ya mbegu zake, na hesabu inayotaja viazi peke yake humwonyesha mwenye kilimo mseto kuwa dhaifu kuliko jirani yake mwenye zao moja. Kiazi kikuu husemwa kuwa zao la wanaume miongoni mwa Waigbo, kwa hiyo hojaji hujazwa na mkuu wa kaya, na saa za wanawake waliopalilia na kubeba hubaki makadirio ya mtu ambaye hakuzifanya. Huko Benue, mapigano kati ya wakulima na wafugaji yamewaondoa watu wengi sana vijijini mwao. Mashamba yaliyoachwa kabla ya palizi ya pili huonekana katika takwimu kama mashamba yenye mavuno haba, na hakuna safu ya jedwali inayoandikwa hofu.

Haya yote hayamaanishi kwamba kipimo cha Farrell hakina faida, wala kwamba kila mkulima wa Ukum au Zaki Biam anafanya kila kitu ipasavyo. Tofauti kati ya majirani wenye udongo mmoja ni za kweli, na elimu, mkopo na ziara za bwana shamba hutokea mara nyingi katika tafiti kuwa vinapunguza upungufu. Lakini mpaka wa uzalishaji unaokadiriwa kutokana na wakulima wa wilaya moja ni mpaka wa wote wanaotumia mbegu ile ile chovu, na anayeufikia amefikia tu kilele cha kilima kifupi. Schultz alikuwa na haki katika hili kuliko wengi wanaomnukuu: faida kubwa haimo katika kumsukuma mkulima hatua chache kuelekea mpaka uliopo, imo katika kuuinua mpaka wenyewe, na kwa kiazi kikuu mpaka huo umefungwa na mbegu. Watafiti wanaoandaa hojaji mpya wangefanya vyema kuongeza maswali matatu ambayo ni nadra kuulizwa: mbegu ilitoka wapi, imerudiwa misimu mingapi, na kiasi gani cha mavuno ya mwaka jana kilifika salama siku ya kupanda. Nigeria ina Baraza la Taifa la Mbegu za Kilimo lenye mamlaka ya kuthibitisha ubora, na ina maabara zinazoweza kuzalisha miche safi. Hata hivyo sehemu kubwa kabisa ya mbegu ya viazi vikuu inayoingia matutani kila mwaka bado hutoka katika ghala la mkulima mwenyewe, la jirani yake au sokoni, bila kuchunguzwa na yeyote.